Dawa ya Mtoto Haikisiwi

Mwaka 1952, katika vijiji vya Uwanda wa Juu wa Makonde, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa ambao vitabu vya tiba vya wakati huo havikuwa na jina lake. Ulidumu hata mwaka 1953. Wagonjwa walishikwa na maumivu ya viungo makali kiasi cha kushindwa kunyoosha miili yao. Wamakonde hawakungoja maabara iwaambie kinachowatesa. Waliupa ugonjwa huo jina linaloeleza umbo la mtu aliyekunjamana kwa maumivu: chikungunya. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa zao juu ya ugonjwa huo, na hadi leo madaktari wa Brazil na India hutamka neno la Kimakonde kila wanapoutaja.

Hivyo uwanda huu umeipa dunia neno la maumivu. Kwa hiyo ni haki kuuliza swali moja ambalo watumishi wa umma na walimu wa Newala na Masasi, na wenzao wa nchi nzima, hawana budi kulijibu: mtoto wa mkulima anapofikishwa mahali pa tiba akiwa ameungua au amevunjika mfupa, je, maumivu yake yanapimwa? Yanaandikwa? Dawa anayopewa imehesabiwa kwa mwili wake, au imekisiwa kwa jicho la mtu mwenye haraka?

Newala imekaa juu ya ukingo wa uwanda, ikilitazama bonde la Ruvuma. Masasi iko chini yake, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Watoto wa huko huumia kama watoto wa wakulima popote. Huanguka kutoka juu ya mwembe na mkorosho. Huungua kwa uji na kwa moto wa mafiga. Huunguzwa ngozi na mafuta makali ya ganda wanapochoma korosho vichakani. Wengine wamezaliwa na selimundu, na mifupa yao huwauma kwa namna ambayo mtu mzima asiyeijua hawezi kuisadiki. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna makosa mawili yanayotendwa dhidi ya watoto hao, na watu wengi huyaona kama vitu viwili vinavyopingana. La kwanza ni kumnyima mtoto dawa ya maumivu kwa hofu au kwa kupuuza. La pili ni kumpa nyingi kupita kiasi kwa kutojua. Ukweli ni kwamba hilo ni kosa moja lenye sura mbili, na mzizi wake ni mmoja: kutompima mtoto. Asiyempima leo atampunja, kesho atamzidishia, na siku zote mbili ataamini kuwa amefanya kazi yake.

KIJIKO KIMOJA, WATOTO WATATU

Hesabu yenyewe haina siri. Parasetamoli, ambayo kila duka huijua kwa jina la panado, hutolewa kwa mtoto kwa kiasi cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, wala isizidi mara 4 kwa siku moja. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5, yaani kijiko kimoja cha kipimo.

Sasa na wachukuliwe watoto watatu. Wa kwanza ana miezi minne na uzito wa kilo 6. Wa pili ana umri wa mwaka mmoja na uzito wa kilo 10. Wa tatu ameanza darasa la kwanza, naye ana kilo 20. Mtu mwenye haraka huwapa wote kijiko kimoja kimoja, kwa hoja kwamba hiyo ni dawa ya watoto na wote hao ni watoto. Mtoto wa kilo 10 amepata miligramu 12 kwa kila kilo, yaani sawasawa. Mtoto wa kilo 6 amepata miligramu 20 kwa kila kilo: amezidishiwa. Mtoto wa kilo 20 amepata miligramu 6 kwa kila kilo: amepunjwa, naye ataendelea kulia, na kilio chake kitaitwa utundu.

Hivyo kijiko kilekile, kutoka chupa ileile, kwa mkono uleule wenye nia njema, kimetenda haki mara moja na dhuluma mara mbili. Na hapo kijiko kilikuwa cha kipimo. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani. Hiki ni kipana na kile ni chembamba, na hakuna kiwanda cha vijiko kilichokusudia kutengeneza chombo cha hospitali.

Hatari huzidi pale kidonge cha mtu mzima kinapoingia mahali pa dawa ya mtoto. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa mara moja, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu. Akipewa mara nne kwa siku, siku mbili au tatu mfululizo, ini lake limetiwa mashakani. Sumu ya parasetamoli ina hila yake. Siku ya kwanza mtoto huweza kutapika kidogo tu, au asionyeshe dalili yoyote. Uharibifu wa ini hudhihirika baadaye, wakati wazazi wamekwisha sahau idadi ya vidonge walivyotoa. Dawa ya kuizima, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo kwa aliyekunywa kiasi kikubwa kwa mara moja. Kwa mtoto aliye kijijini, kilomita nyingi za barabara ya vumbi kutoka hospitali, saa hizo 8 si nyingi.

UZITO HAUSOMWI USONI

Watetezi wa mazoea husema kwamba mganga mzoefu humtazama mtoto na kuujua uzito wake. Hayo ni majivuno. Hata kanuni za kitaalamu za kukadiria uzito kwa umri zimewaangusha wataalamu waliozitunga. Nchini Uingereza ilifundishwa kwa miaka mingi kwamba umri wa mtoto ukiongezwa 4, kisha jumla ikizidishwa kwa 2, jibu ni uzito wake kwa kilo. Mwaka 2011 mafunzo ya dharura za watoto ya huko yaliibadili kanuni hiyo, kwa kuwa watoto wa huko walikuwa wazito kuliko jibu lake.

Kanuni hiyo ikiletwa mahali penye watoto waliodumaa, hukosea kwa upande wa pili. Mtoto wa miaka mitatu atahesabiwa kuwa na kilo 14. Lakini yupo mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 10, aliyekula muhogo mtupu msimu mzima wa njaa. Akipewa dawa ya kilo 14 kwa kiwango cha juu, amepata miligramu 21 kwa kila kilo. Isitoshe, mwili uliokosa chakula cha kutosha una akiba ndogo ya kinga inayolilinda ini na sumu hiyo hiyo. Yaani mtoto mwenye haki ya kuangaliwa zaidi ndiye anayeumizwa zaidi na kukisia.

Tepu za kumlaza mtoto na kusoma uzito kutokana na urefu wake, ambazo hutumika katika vyumba vya dharura vya nchi tajiri, nazo huwa na kosa la aina hiyo kwa mtoto aliyekonda. Zinafaa pale mtoto asipoweza kupimwa kabisa. Hazifai kuwa kisingizio cha kuacha mizani iliyo chumba cha pili.

Na mizani ipo. Hilo ndilo jambo la kuudhi. Katika zahanati za Tanzania siku ya kliniki ya watoto mizani hutundikwa, watoto hupangwa mstari, na uzito huandikwa katika kadi ambayo mama huitunza kama hati ya shamba. Taifa limejifunza kumpima mtoto mzima. Halijajifunza vya kutosha kumpima mtoto anayelia. Siku ya kliniki ikipita mizani hufungiwa kabatini, na mtoto aliyeungua usiku hukuta chumba cha kufungia vidonda hakina chombo hicho, wala hakuna anayeuliza kadi. Ufunguo wa kabati usiwe ndio unaoamua kipimo cha dawa.

KOSA LA MARA KUMI

Adui mwingine ni chupa yenyewe. Ipo dawa ya maji ya parasetamoli yenye miligramu 120 katika mililita 5. Ipo yenye 250 katika kiasi hicho hicho. Yapo na matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika mililita moja tu. Mzazi aliyezoea kijiko cha chupa ya kwanza, akitoa kijiko hicho kutoka chupa ya matone, amempa mtoto miligramu 500 badala ya 120. Huko Marekani mkanganyiko wa aina hii uliwadhuru watoto hata mwaka 2011 watengenezaji wakakubali kuyaacha matone mazito na kuweka kipimo kimoja kwa dawa zote za maji za watoto. Kama nchi yenye maktaba na kompyuta kila kona iliona haya kuendelea na mchafuko huo, hakuna sababu ya nchi nyingine kuuvumilia.

Hospitalini kosa hilo huchukua sura ya kutisha zaidi. Parasetamoli ya kupitishia mshipani ina miligramu 10 katika kila mililita. Daktari aandikapo miligramu 50 na muuguzi aliyechoka akavuta mililita 50, mtoto mchanga amepata mara kumi ya kilichokusudiwa. Makosa ya namna hiyo yametokea Ulaya, katika hospitali zenye kila kitu, na mamlaka za dawa za huko zimelazimika kuyatolea onyo. Kinga yake haina gharama: uzito uandikwe juu ya karatasi, kiasi kiandikwe kwa miligramu na kwa mililita pamoja, na mtu wa pili aisome hesabu kabla ya dawa kuingia mwilini.

Kisha ziko dawa za mafua na kikohozi ambazo ndani yake mna parasetamoli, ingawa jina lililo kwenye boksi ni jingine. Mtoto hupewa hiyo na panado juu yake, na mzazi huamini ametoa dawa mbili. Ametoa moja mara mbili. Muuzaji anayejua hilo na asiseme anafanya biashara juu ya ini la mtoto.

"MTOTO HUSAHAU"

Mbali na ujinga wa hesabu kuna itikadi, nayo ni ngumu zaidi kuing'oa. Husemwa kwamba mtoto hasikii maumivu kama mtu mzima, au kwamba akisikia husahau. Dhana hii haikuzaliwa Newala. Ilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hata miaka ya 1980, wakati watoto wachanga walipokuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya kuondoa maumivu. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kamili ya maumivu wakati wa kupasuliwa walipata mshtuko mdogo zaidi wa mwili, na hali zao baada ya upasuaji zilikuwa nafuu kuliko za wale walionyimwa. Wakubwa wa tiba waliinama, wakabadili mafundisho yao. Ni aibu kwa kasumba iliyokwisha zikwa ilikotungwa kuendelea kupumua mahali ilikoletwa.

Wapo pia wanaojificha nyuma ya mila. Husema kwamba mtoto wa kiume wa uwandani hupita jandoni, na huko hufundishwa kuvumilia. Hoja hiyo ni kuidhalilisha jando yenyewe. Jando lina msimu wake, lina walezi wanaokesha na wanafunzi wao, lina mwanzo na mwisho unaojulikana na kijiji kizima. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto hakuitwa na mlezi, wala hakuna anachofundishwa na kidonda chake. Mzee wa jando anajua tofauti hiyo. Asiyeijua ni yule anayetafuta sababu ya kutofungua kabati la dawa.

Na asiyesema pia hupimwa. Kwa mtoto ambaye hajaweza kutaja maumivu yake, wauguzi wana kipimo kilichochapishwa mwaka 1997 kinachotazama mambo matano: uso, miguu, mwenendo wa mwili, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla yake 10. Hakihitaji umeme, wala mashine, wala fedha za kigeni. Kinahitaji macho yaliyofundishwa na kalamu.

HOFU YA MOFINI

Hapo ndipo hufika neno linalowanyamazisha wengi. Mfupa wa paja uliovunjika, kidonda cha moto kilichoenea kifuani, na maumivu makali ya selimundu havitulii kwa parasetamoli pekee. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi mbili tu kwa maumivu ya mtoto mgonjwa: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, mofini kwa makali. Kodeini, iliyokuwa ngazi ya katikati, iliondolewa. Wapo watu ambao kwa nasaba yao miili hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi ya hatari, na wapo ambao miili yao haiigeuzi kabisa. Kumpa mtoto kodeini ni kutojua kiasi kitakachomfikia, na hiyo si tiba bali ni bahati nasibu. Mwaka 2013 Ulaya nayo ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Mofini inaogopwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ikizidi hupunguza pumzi. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana kiasi chake kwa mtoto ni sehemu ndogo ya miligramu kwa kila kilo, hutolewa na mganga aliyefunzwa, pumzi za mtoto huhesabiwa, na dawa ya kuizima, naloksoni, huwekwa karibu. Nukta moja ya desimali ikikosewa, dozi imekuwa mara kumi. Lakini hatari hiyo ni hoja ya kupima kwa makini. Si hoja ya kumwacha mtoto alie hadi azimie. Sababu ya pili ni hofu ya uraibu, na hofu hiyo huchanganya mtoto aliyeungua na kijana wa mjini anayenunua unga kichochoroni. Sheria ya dawa za kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 ilitungwa kumkamata mfanyabiashara haramu. Haikutungwa kumkamata muuguzi wa wodi ya watoto.

Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilitoa hesabu inayopaswa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya afya. Kati ya tani zipatazo 299 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Tume hiyo ilikadiria pia kwamba mahitaji ya watoto wote wa chini ya miaka 15 wa nchi hizo, wenye maumivu makubwa yasiyotibiwa, yangetimizwa kwa dola milioni moja hivi kwa mwaka. Huo ni unyonyaji usiohitaji bunduki. Lakini si haki kuulaumu ulimwengu peke yake. Uganda, nchi jirani na yenye mapato yasiyopita sana ya Tanzania, ilianza kutoa mofini ya maji ya kunywa kupitia Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman. Mwaka 2004 ikabadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika. Waganda hawakungoja dunia iwe ya haki kwanza.

SINDANO NA ASPIRINI

Pamoja na hofu ya dawa inayofaa kuna mapenzi kwa dawa isiyofaa. Wananchi wengi huamini kwamba dawa ya kweli ni ile ya sindano, na watoa huduma wengine hulipalilia wazo hilo kwa kuwa sindano huonekana na hulipiwa. Sindano ya takoni, ikichomwa vibaya, huweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu na kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Nayo yenyewe ni maumivu: mtoto anayeiogopa huficha kuwa anaumwa. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa husema dawa ipitishwe kinywani kila inapowezekana, itolewe kwa saa bila kungoja kilio kirudi, na ihesabiwe kwa mtoto huyu, si kwa watoto kwa jumla.

Aspirini nayo ingali makabatini mwa watu. Mwaka 1986 Uingereza iliacha kuitumia kwa watoto wa chini ya miaka 12, na baadaye umri ukapandishwa hadi 16, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini la mtoto mwenye homa ya virusi. Katika nchi ya chikungunya, ambako pia homa ya dengi ilizuka jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, onyo hilo lina uzito maradufu. Dengi huleta kutoka damu, na aspirini na ibuprofeni huongeza hatari hiyo. Homa na maumivu ya viungo ambayo chanzo chake hakijajulikana yatulizwe kwa parasetamoli, iliyopimwa. Ibuprofeni, ambayo kiasi chake ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, isipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu, wala mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, kwa kuwa huweza kumdhuru figo.

WAJIBU UNA WENYEWE

Jibu la mrasimu kwa haya yote linajulikana kabla hajafungua kinywa: hakuna fungu. Jibu hilo halikubaliki. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kamati za vituo hivyo, ambazo ndani yake wamo wananchi, zina sauti juu ya matumizi. Mizani ya pili kwa ajili ya chumba cha dharura, mabomba ya plastiki ya kupimia dawa ya maji, na karatasi moja ukutani yenye uzito upande mmoja na mililita upande wa pili, si mradi wa kuombea mkopo. Vinahitaji mtu mmoja wa kuviandika katika orodha na mwingine asiyevifuta. Mtumishi anayepitisha posho ya semina ya tatu kwa mwaka na kukata mizani amechagua, na chaguo lake lina jina.

Kusini si mahali pa kuambiwa kwamba tiba nzuri hungoja majengo mazuri. Dkt. Leader Stirling alifika huko mwaka 1935, akafanya upasuaji Lulindi, katika hospitali ya misheni iliyokuwa mbali na umeme na barabara nzuri, kabla ya kuteuliwa Waziri wa Afya mwaka 1975. Kilichohitajika Lulindi kilikuwa nidhamu ya kazi kabla ya vifaa. Nidhamu hiyo haijapigwa marufuku.

Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ukaenea nchini, ndiyo mlango wa kwanza wa tiba kwa familia nyingi za vijijini. Muuzaji aliyepata mafunzo na leseni anajua kuuliza umri. Aamriwe kuuliza na uzito, na kadi ya kliniki iwe ndiyo cheti cha kununulia dawa ya maji ya mtoto. Dawa itoke na kipimo chake, na muuzaji aonyeshe kwa alama mahali pa kukomea.

Mwalimu naye hana ruhusa ya kukaa pembeni. Kuzidisha kilo kwa miligramu na kugawa kwa kiasi kilicho katika chupa ni hesabu ya shule ya msingi. Watoto hufundishwa kugawa machungwa ambayo hayapo na kupima mashamba ambayo hawatayalima. Na wafundishwe kusoma lebo ya dawa iliyo nyumbani kwao. Mtoto wa darasa la sita anayeweza kumwambia bibi yake kwamba chupa hii si sawa na ile ya jana amelipa gharama ya elimu yake. Mwalimu huyo huyo ndiye wa kwanza kufika mtoto anapoanguka uwanjani. Ajue kwamba mkono uliovunjika ukifungwa gango vizuri maumivu hupungua kabla ya dawa yoyote, na kwamba ngozi iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, isipakwe dawa ya meno wala mafuta. Juu ya uwanda ambao maji huchotwa kwa taabu, ndoo ya maji iliyotunzwa shuleni kwa ajili hiyo ni sehemu ya tiba.

Wala asiseme mtu kwamba wananchi hawataelewa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujisomea, wakajadili malaria, kuhara na vyoo, kisha wakashika majembe na kuchimba. Taifa lililoweza kufanya hivyo kwa redio za betri haliwezi kushindwa kueleza maana ya miligramu kwa kilo moja wakati simu imo katika kila mfuko.

Mambo yanayodaiwa ni machache, na hakuna hata moja linalomzidi mtumishi mwenye nia. Mtoto yeyote anayefikishwa na maumivu apimwe uzito kabla ya dawa, isipokuwa pale kumgusa kutamhatarisha, na hapo ikubalike wazi kuwa uzito umekadiriwa. Uzito huo uandikwe juu kabisa ya karatasi yake. Maumivu yake yapewe alama, yapimwe tena baada ya dawa, na alama ya pili iandikwe kando ya ya kwanza. Kila dozi ionyeshwe kwa miligramu, mililita na saa. Mofini iwepo penye waliofunzwa kuitoa, na wasiofunzwa wafunzwe. Mkaguzi anapofika kituoni asiishie kuhesabu maboksi ya dawa stoo. Achukue karatasi za watoto kumi walioumia mwezi uliopita, atafute uzito wao. Asipouona, kituo hicho hakikuwatibu watoto hao. Kiliwakisia.